Kiapo Hakimponyi Mlevi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Ilipojulikana kwamba nitasema habari za ulevi, wenzangu wawili walicheka, wakaniuliza, "Utahubiri nini wewe ambaye si padre wala shehe?" Nakiri mapema kwamba sikuja kuhubiri. Wahubiri tunao, nao wanajua kazi yao. Tena humu ndani wamo ambao dini yao yawakataza kileo kabisa, na wamo ambao hunywa kidogo siku ya arusi, kisha wakaenda zao kulala. Hao wote sina neno nao. Neno langu ni juu ya yule ndugu yetu ambaye kila mmoja wenu anamfikiri sasa hivi moyoni, ijapokuwa sikumtaja jina, na juu ya jinsi sisi, kwa mapenzi yetu mema, tuwezavyo kumwua.

Nimesema kumwua, wala ulimi wangu haukuteleza.

Katika kituo nilichokuwamo kabla ya kuhamishiwa hapa tulikuwa na karani mwenzetu, mtu mwenye mwandiko mzuri kutupita sote, na hesabu zake hazikupata kurudishwa na mkaguzi hata mara moja. Alianza kunywa kama waanzavyo wengine, jioni ya mshahara. Baadaye ikawa kila jioni. Hatimaye akawa hawezi kushika kalamu asubuhi mpaka apite kwanza nyuma ya soko, apate kikombe cha gongo. Jambo hilo sisi tuliliita kuzimua, kama watu wote waliitavyo, na tulilicheka. Akichelewa tulimtilia sahihi katika daftari la mahudhurio. Akikosa karo ya watoto tulimkopesha, na tulijua fedha zile zinakwenda wapi.

Alipopata barua ya pili ya onyo, Halmashauri ya chama cha pale ilinituma mimi, niliyekuwa Katibu, pamoja na wazee wawili, twende tukamseme. Tulikwenda Ijumaa jioni. Tulimkuta amekaa barazani, mpole kama desturi yake. Tukamwapisha mbele ya mkewe na watoto wake kwamba tangu saa ile hatatia kileo kinywani mwake kamwe. Akaweka mkono juu ya Biblia. Mimi niliandika kiapo kile nakala mbili, akatia sahihi, nami nikazipiga muhuri wa chama. Chupa mbili zilizokuwa mvunguni mwa kitanda tukazimwaga. Mkewe alitushukuru akilia, na mimi nilirudi kwangu nikiimba.

Kesho yake mchana mtoto wake mkubwa alikuja kuniambia baba anatetemeka mwili mzima, anatoka jasho, na chakula hakikai tumboni. Nikamjibu, "Mwambie mama avumilie, ndiyo pombe inamtoka." Usiku ule akaanguka kifafa, naye hakupata kuwa na kifafa tangu kuzaliwa kwake. Jumapili tukamwona ametulia kidogo, tukamshukuru Mungu. Jumatatu alikuwa akifukuza siafu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, akizungumza na marehemu baba yake, na mwili wake ukiwaka moto. Jirani mmoja alisema ni mashetani, mwingine akasema ni Biblia inamwadhibu kwa sababu aliapa na moyo wake hautaki. Sisi wasomi tulisikiliza maneno hayo siku nzima. Jumanne ndipo tulipomkodishia gari kumpeleka hospitali, na Jumatano alfajiri akafa. Alikuwa na miaka 36.

Daktari aliniita kando, akaniuliza marehemu alikuwa akinywa kiasi gani kwa siku, na aliacha lini. Nikatoa nakala ya kiapo mfukoni nikampa, tena kwa fahari, maana nilidhani karatasi ile itamsafisha marehemu. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Bwana Karani, kama mngalimwacha anywe Ijumaa ile, mkaniletea Jumamosi asubuhi, angalikuwa hai."

Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Tangu siku ile nimesoma kila kitabu nilichokipata juu ya jambo hili, na nimewasumbua matabibu kwa maswali. Haya nitakayowaambia nimeyapata kwao.

Bongo la mtu lina nguvu mbili zipinganazo, moja ya kuamsha na moja ya kutuliza, nazo katika mtu mzima hulingana. Kileo huiongezea nguvu ile ya kutuliza, ndiyo maana mtu akinywa hofu humtoka, ulimi ukalegea, na mwisho akalala. Lakini bongo halipendi kusukumwa. Likisukumwa hivyo kila siku, kwa miezi na miaka, nalo hujizatiti kwa kuongeza nguvu ya kuamsha, ili mizani ikae sawa. Fikirini watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu upande huu na huyu upande huu, kila mmoja kwa nguvu zake zote. Mlango umesimama, na mpita njia hadhani kwamba pana kazi. Sasa mmoja wao aondoke ghafula. Yule mwingine ataingia na mlango wake mpaka ndani, aanguke kifudifudi. Hilo ndilo lililompata mwenzetu. Sisi tulimwondoa mtu mmoja mlangoni, tukampigia muhuri.

Mambo hayo yana saa zake, na yafaa mzijue. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafula, mitetemo na jasho huanza baada ya saa sita au nane tangu kikombe cha mwisho. Kifafa, kama kitakuja, aghalabu huja katika siku mbili za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwapo, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili, ya tatu au ya nne, na hapo ndipo wengi hufa wasipotibiwa. Rudieni sasa kisa nilichowapa, mhesabu tangu Ijumaa jioni. Ugonjwa ule ulikuja kwa saa zake kama gari la moshi, na sisi tulisimama stesheni tukizungumza habari za mashetani.

Basi neno lile kuzimua silicheki tena. Anywaye kikombe alfajiri ili mkono utulie hafuati ladha. Usiku alipolala kileo kimempungua mwilini, ugonjwa umekwisha kuanza, naye anautuliza kwa dawa pekee aijuayo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotunga maswali yake 10 ya kumpima mnywaji, mwaka 1989, swali moja lilikuwa hilo hilo: je, huhitaji kunywa asubuhi ili uweze kuianza siku? Kadhalika tuna desturi ya kumsifu mtu anayeweza kumaliza chupa nyingi asitikisike, twasema fulani ana kichwa kigumu. Mabwana, kichwa hicho si cha kusifiwa. Bongo lake limekwisha jizatiti, na ni yeye, si yule anayelewa kwa gilasi moja, atakayeanguka siku ya kuacha.

Wapo watakaoniuliza, na swali lao ni la haki: "Je, kikombe cha kwanza hakukinyanyua kwa mkono wake mwenyewe?" Alikinyanyua. Lakini kuna sehemu katika bongo ambayo kazi yake ni kutufundisha yale ya kurudia, kama chakula cha njaa na maji ya kiu, nayo hutufundisha kwa furaha na kwa hamu. Kileo, afyuni na vitu vya namna hiyo hupenya mpaka pale na kuigusa sehemu hiyo kwa nguvu kuliko chakula chochote. Baada ya muda furaha yenyewe hupungua, bali hamu hubaki, tena huzidi. Ndiyo sababu mlevi wa miaka mingi atakuambia kweli tupu kwamba haipendi tena pombe, na jioni ile ile utamkuta kilabuni. Sisi husema ni mwongo. Katika lugha yetu ya pwani zamani neno uraibu lilikuwa neno la starehe, tambuu na popoo na chokaa na tumbako, vitu anavyotafuna mtu barazani akiongea na wageni. Siku hizi neno lilo hilo ndilo watu walitumialo kwa kifungo hiki. Sijui kama kuna neno jingine lililosafiri safari ndefu hivyo bila kuondoka barazani.

Juu ya sheria sitakawia. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikataza pombe kali za biashara zisiletwe katika nchi nyingi za Afrika, na wakubwa wa siku zile walidhani wamemaliza. Tanzania ilitunga sheria ya gongo mwaka 1966, na tarehe 1 Machi 1917 ilikuwa bado miaka mia moja kamili kabla ya siku ambayo viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchini, yaani tarehe 1 Machi 2017. Mimi naliona tendo hilo la viroba kuwa jema, maana vilikuwa vikiuzwa kwa bei ya peremende, na kijana aliweza kukificha kimoja katika soksi. Lakini sheria humzuia asiyeanza, na aliyekwisha kunaswa humtafutia mlango mwingine tu.

Sasa nije kwenye njia ya kupona, maana ipo, na waliopita humo ni wengi.

Mwanzo wake ni kwa daktari. Anywaye kila siku na kutetemeka asubuhi, au aliyepata kifafa alipoacha zamani, asiachishwe nyumbani. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza, aghalabu diazepamu, kwa kipimo kikubwa kwanza, kisha hupunguzwa siku kwa siku kwa muda wa juma moja hivi, ili yule msukumaji wa pili apate kurudi nyuma polepole. Tena hupewa vitamini B1, kwa kuwa wanywao sana huikosa mwilini, na kuikosa sana huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja, hata mtu akasahau alichokula saa ile. Ni dawa ya bei ndogo. Juma hilo moja likiisha, mwili umetoka hatarini.

Walakini hapo ndipo sisi hukosea mara ya pili, maana humpokea na kusema amepona. Bado. Hamu haitoki kwa juma moja. Ziko dawa za kumsaidia: mojawapo, disulfiramu, ambayo faida yake kwa walevi ilitangazwa na matabibu wa Denmark mwaka 1948, humfanya anywaye ashikwe na kichefuchefu na moyo kwenda mbio, nyingine, naltreksoni, huiondolea pombe sehemu ya raha yake. Zote ni za kutolewa na daktari anayemjua mgonjwa, wala si za kununuliwa dukani na mke akamtilia mumewe katika chai, kama nilivyosikia mtu mmoja akishauri. Disulfiramu ikitiwa kwa siri yaweza kumwua anywaye.

Zaidi ya dawa ni watu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, nchi ya Marekani, alifika mfanya biashara wa hisa aitwaye Bill Wilson. Alikuwa mlevi aliyeacha miezi michache tu, na shughuli iliyomleta imeharibika. Akasimama katika hoteli, upande mmoja ana baa na upande mwingine ana simu. Akaichagua simu, akaomba apewe jina la mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu alikwisha ona kwamba akimsaidia mwingine yeye mwenyewe hanywi. Akapelekwa kwa Robert Smith, daktari mpasuaji, ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Daktari alimpa dakika 15, na wakazungumza masaa. Husimuliwa kwamba tarehe 10 Juni Smith alikuwa na mgonjwa wa kupasua, na Wilson akampa chupa moja ya bia asubuhi ile ili mkono utulie. Ilikuwa ya mwisho maishani mwake. Alikufa mwaka 1950 bila kuonja tena. Kutokana na wawili hao kilitokea chama cha walevi walioacha, ambacho leo kina mikutano katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Hawatozi ada wala hawaulizi dini ya mtu. Kinachonigusa mimi ni kwamba Smith alikuwa daktari, na yote niliyowasomea juu ya bongo na ini aliyajua kuliko mimi. Aliyemponya hakumletea elimu mpya. Alimletea kisa chake mwenyewe.

Jambo la tatu ni mahali. Mwaka 1971 askari wa Marekani waliokuwa Vietnam walichunguzwa, ikaonekana kwamba karibu 20 katika 100 walikuwa wamenaswa na heroini. Serikali yao iliingiwa na hofu kubwa. Mtaalamu Lee Robins akawafuata makwao akawapima, na katika mwaka wa kwanza ni kama 5 tu katika 100 ya wale walionaswa waliorudia kunaswa. Walikuwa wameiacha nyuma vita, na rafiki wa vita, na vichochoro vya kununulia. Mwenzetu hapandi meli kurudi kwao. Anatoka ofisini saa tisa na nusu, na njia ya kwenda nyumbani kwake yapita vilabu vitatu, katika kila kimoja yuko mtu atakayemwita kwa jina.

Basi ataanguka. Nawaambieni mapema ili msishangae. Katika waliotibiwa uraibu, 40 hadi 60 katika 100 hurudia, nao wako sawa na wagonjwa wa shinikizo la damu waachao dawa au chakula walichoagizwa. Mgonjwa wa shinikizo akizidiwa hatusemi ameikana imani. Twampeleka hospitali tena. Wengi walioacha kabisa walianguka mara mbili, tatu, nne, ndipo wakasimama.

Nimeulizwa niseme pia habari za unga, kwa kuwa wamo kati yetu wazazi ambao vijana wao wamepotea humo. Heroini iliingia pwani yetu katika miaka ya 1980. Ile hali ya kuikosa, ambayo vijana huiita arosto, ni mateso makubwa sana, maumivu ya mifupa, kuhara, kutolala. Lakini tofauti na pombe ni nadra kumwua mtu aliyekuwa mzima. Hatari yake iko mahali pengine. Kijana akikaa gerezani au nyumbani amefungiwa miezi mitatu, mwili husahau kile kipimo alichokizoea. Siku anayotoka akirudia kipimo kile kile, pumzi husimama. Wazazi wanaomfungia mtoto chumbani wajue hilo. Kwa hao kuna methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, nayo huondoa arosto kwa siku nzima pasipo kulewesha anayeizoea. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walitangaza matumizi yake huko New York mwaka 1965. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye vituo vingine vikafuata. Nimeona kwa macho yangu vijana wamepanga mstari pale asubuhi na mapema, wamevaa mashati safi, wakinywa dawa yao na kwenda kazini. Wako wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nawauliza kama wamepata kumsikia mtu akiiba sufuria ya mama yake kwa ajili ya methadoni ya hospitali.

Bwana Rais, narudi kwetu. Chama hiki kina mfuko wa misiba, na unafanya kazi vizuri. Kwa yule mwenzangu wa kituo kile chama chao kilitoa sanda, jeneza na gari mpaka kwao. Fedha za gari la kwenda kaburini zilipatikana kwa nusu saa. Fedha za gari la kwenda hospitali tulizijadili siku nne. Naomba Halmashauri ifikiri kama mfuko wetu waweza kuruhusiwa kumpeleka mwanachama mgonjwa wa ulevi kwa daktari angali hai, na kulipa dawa zake mkononi mwa hospitali, wala si mkononi mwake. Naomba tena tuache kumtilia mtu sahihi ya mahudhurio. Twadhani twamhifadhi, kumbe twamfichia Mkuu wa Ofisi ugonjwa mpaka siku ambayo hakuna njia isipokuwa kumfukuza. Mtu akimwendea Mkuu wake mapema na cheti cha daktari, ana maneno ya kusema. Akingojea barua ya tatu, hana. Na muhuri wa chama usipigwe tena juu ya kiapo cha mtu yeyote.

Najua mtauliza ni nani atakayeanza. Jina la mtu wa kwanza ninalo, sitalitaja hapa, na mkewe amekwisha niomba. Nimesema na mganga mkuu wa hospitali yetu, naye amekubali kutupokea Jumamosi saa tatu asubuhi. Mpaka siku hiyo sijamwambia aache kunywa, na ninyi msimwambie. Nitakwenda nyumbani kwake saa mbili kumchukua, nami ningependa kuwa na mwenzangu mmoja, na afadhali awe mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kunywa akaacha. Ajuaye kwamba namsema yeye anione mlangoni tukitoka.